Uzinduzi wa Tunu katika Nchi ya Ushungi

Njia ni ya msafiri, habari ni ya wote. Basi njia aliyopita Hemedi Shekue mpaka akaingia nchi ya Ushungi tutamwachia mwenyewe, maana kila alipoulizwa alijibu kwamba ilikuwa ndefu na yenye baridi, akanyamaza. Sisi tumkute pale alipokwisha kufika, mkoba wa vyombo begani, akipangusa jalidi ya baridi iliyoganda kwenye kope.

Shekue alikuwa fundi wa mizani wa Korogwe. Hakuna chuo kilichomfundisha. Alijifunza kwa kufungua mizani zilizoharibika na kuzifunga tena mpaka zikakubali. Alikuwa na sauti ya chini na hakuwa na haraka ya kukiita kitu kibaya. Akiona jambo geni aliandika alichokiona, kisha akaacha mistari miwili mitupu chini yake, kwa kuwa aghalabu maelezo huchelewa njiani. Waushungi walimwita kwa ajili ya tabia hiyo hasa. Walikuwa na kitu cha kupimwa, na walitaka mpimaji asiye na shemeji katika nchi yao.

Ushungi si nchi ya udongo. Ni wingu lililotandazwa angani kama ushungi mwekundu ulioanikwa, pindo lake buluu, na ndani yake vumbi limesimama nguzo nguzo mfano wa vichuguu. Wenyeji huishi kwenye vichuguu hivyo. Katikati ya wingu wamekaa Wakubwa Wanne, nyota nne nyeupe zenye ukali, ambazo mwanga wao ndio unaolifanya wingu zima ling'ae kila upande. Mkuu wao ni Mheshimiwa Samawati. Kwa kuwa hakuna usiku, hakuna siku pia; wenyeji huhesabu muda kwa mazoezi ya kwaya.

Aliyempokea alikuwa Katibu Mwakani wa Baraza la Uzinduzi, mtu mnene wa rangi ya matofali, ambaye karatasi zilijikunja kidogo alipozishika. Alisalimia kwa desturi ya huko.

"Mwangaza?"

"Wa Mheshimiwa," akajibu Shekue, kama alivyoelekezwa.

Katibu alifurahi. Wakiwa njiani alieleza, bila haya wala majivuno, kwamba yeye mwenyewe alianza maisha kama donge la vumbi na hewa, akitarajiwa kuwa nyota, lakini uzito haukutosha; akapata joto, asiwake. Watu wa namna hiyo huitwa vuguvugu. Kwa kuwa hawawezi kuangaza na hawawezi kupoa, hupewa ofisi. Serikali yote ya Ushungi, alisema, iko mikononi mwa vuguvugu, ndiyo maana haijawahi kuungua.

Shekue aliandika hayo, akaacha mistari miwili.

Kisha wakafika Uwanja wa Vibao. Hapo vibao vya mawe vilining'inia kwenye utupu, kila kimoja na pazia dogo la hariri lililovutwa kando, na maandishi yaliyochongwa vizuri kwamba nyota hii ilizinduliwa rasmi na Mheshimiwa Samawati. Vilikuwa mia tatu na kumi na viwili. Nyuma ya kila kibao palikuwa peupe, pamefagiliwa, hata vumbi hamna.

Shekue alizunguka kibao cha kwanza, akatazama nyuma, akarudi mbele akasoma tena.

"Naona nyota hii imezinduliwa," alisema.

"Kikamilifu."

"Sasa ipo wapi?"

Katibu Mwakani alimtazama kwa upole, kama mtu anavyomtazama mgeni anayetaka kuvua viatu mahali pasipohitaji. "Bwana Fundi, kuzinduliwa ni hatua moja. Kuwepo ni hatua nyingine, nayo ina ofisi yake."

Njia nzima ya kurudi alimfafanulia sheria. Ndani ya vichuguu, vumbi na hewa baridi hujikusanya kwa uzito wake wenyewe. Donge likijikusanya, huvuta jingine. Likivuta jingine, huzidi uzito. Likizidi uzito hujikandamiza, tumbo lake linapata joto, na mwisho huwaka. Ndivyo ilivyokuwa zamani, kiholela, nyota zikijiwakia tu bila taarifa. Baraza likaona hilo si jambo la kistaarabu. Ikatungwa sheria kwamba hakuna donge litakalowaka kabla ya kuzinduliwa na mgeni rasmi. Mgeni rasmi ni Mheshimiwa Samawati, naye, kwa cheo chake na ukubwa wake, hawezi kwenda popote. Kwa hiyo hafla hufanywa kwa kufunua pazia la vumbi linalolizunguka donge, ili Mheshimiwa alione kutoka alipokaa. Kwaya huimba, hotuba husomwa, kibao hutundikwa.

"Na donge likitaka kuwaka kabla ya hafla?"

"Tunao wakorogaji," alisema Katibu.

Donge lililokuwa likisubiri safari hii liliitwa Tunu, na kazi ya Shekue ilikuwa kulipima na kuandika cheti kwamba lina uzito wa nyota, kama sheria inavyotaka. Yalikuwa yamebaki mazoezi matatu ya kwaya.

Tunu alikuwa ndani kabisa ya kichuguu cha kusini, nyuma ya vumbi zito ambalo mwanga wa Wakubwa Wanne haukupenya. Shekue aliingia akipapasa. Alikuta mpira mkubwa wa giza, umezungukwa na sahani pana ya vumbi inayozunguka polepole, na katikati ya giza palikuwa na wekundu hafifu, kama kaa lililofunikwa jivu. Kando yake walisimama wakorogaji arobaini wenye miko mirefu kama nguzo za umeme. Walikuwa wakikoroga. Kila mpira ulipoanza kutulia na kujikaza, mnyapara alipiga filimbi, miko ikaingia, na vumbi lililokuwa limeshikana likatawanyika tena.

Shekue alimuuliza mnyapara kazi hiyo wameifanya kwa muda gani. Mnyapara, aliyekuwa mtu mwenye adabu, alijibu kwamba yeye ameikuta kwa babu yake. "Kazi yetu ni kuzuia kazi isifanyike," alisema, "na tumeifanya bila ajali."

Mlezi wa Tunu alikuwa mwanamke mwembamba aliyejifunga kanga mbili, amekaa juu ya gogo la jalidi. Jina lake Bi Stahimili. Donge alilirithi kwa mama yake, na mama yake kwa mama yake, na ukoo huo wa walezi ulirudi nyuma hadi wakati Tunu alipokuwa ukungu tu usiozidi pumzi ya mtu asubuhi ya baridi.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa mizani?"

"Ndiye."

"Basi kaa mbali kidogo. Anapiga chafya."

Hajamaliza kusema, Tunu akapiga chafya, na haikuwa ya upande mmoja. Ilitoka juu na chini kwa pamoja, miali miwili myembamba iliyopasua giza na kutoweka mbali. Wakorogaji wote waliinama kwa mazoea na kuinuka. Bi Stahimili akasema afya, akaeleza kwamba mtoto akianza hivyo amekaribia. Tumbo limeiva. Angeachwa atulie tu, kwa muda wa zoezi moja au mawili, angewaka.

Shekue akatoa vyombo. Kitu kama kile hakiwekwi kwenye sahani ya mizani. Alikifikiria kwa utaratibu wake, akakata kifungo kimoja cha koti lake na kukitupa kando ya Tunu kwa mkono wa taratibu. Kifungo hakikuenda mbali. Kilipinda, kikaanza kumzunguka Tunu kama kuku anavyozunguka kinu. Shekue alishika saa, akahesabu mizunguko, akapima upana wa duara kwa kamba. Kitu kikiwa kizito, kinachokizunguka hulazimika kukimbia. Kikiwa chepesi, hutembea. Kifungo kilikuwa kikikimbia. Alirudia mara saba, kwa kuwa mara tatu ni desturi na nne za ziada ni za fundi, na kila mara jibu lilikuwa lile lile: Tunu alikuwa na uzito karibu nusu ya jua tulilo nalo sisi. Alitosha na kubaki.

Alipomwonyesha Bi Stahimili hesabu, mama huyo hakufurahi. Aliwatazama wakorogaji, akasogea karibu.

"Andika ni mwepesi," alisema.

Shekue aliinua macho kutoka kwenye hesabu.

"Andika hafiki. Wataniandikia kwamba ni vuguvugu, na vuguvugu hakorogwi. Watu hawa wataondoka na miko yao. Mengine atayafanya mwenyewe."

Kisha akamweleza kwa nini. Dada yake alikuwa mlezi wa donge lililozinduliwa kabla ya hapo, lile la kibao cha mwisho. Bi Stahimili alihudhuria hafla, amevaa kanga ya hafla yenye picha ya Mheshimiwa. Pazia likafunuliwa. Mwanga wa Mheshimiwa ukaingia kwa nguvu zake zote, kwa kuwa hana nguvu nyingine ndogo ya kutumia, na donge likaanza kufumuka pembeni kama kofia iliyovutwa uzi. Kwaya ilikuwa kwenye ubeti wa tatu. Hotuba ilipofika kwenye shukrani, donge lilikuwa limekwisha, limepeperushwa lote, na mahali pake pakang'aa sana. Watu wakapiga makofi kwa jinsi palivyong'aa. Dada yake alipewa cheti cha utumishi uliotukuka, akakitundika ukutani, na tangu hapo hakusema neno na mtu.

"Hilo umelisema barazani?" Shekue aliuliza.

"Nimelisema. Wakaniuliza kama napinga mwanga."

Shekue alifunga daftari lake. Kifungo kilizidi kukimbia mbio zake.

"Bi mkubwa," alisema mwishowe, "mwaka wa thelathini na moja huu wa kazi, sijapata kuandika uzito nisiouona."

"Na mimi tangu nizaliwe sijapata kumwomba mtu uongo. Tumekutana wawili, kila mmoja na mara yake ya kwanza."

"Siwezi, mama. Lakini pia siwezi kuandika kwamba anatosha kabla sijajua kutosha ni nini. Sheria inasema awe na uzito wa nyota. Mimi sijaonyeshwa nyota."

Alimweleza kazi yake ilivyo. Fundi hapimi kitu chochote kabla ya kupima kwanza jiwe la mizani, lile ambalo wote wamekubaliana uzito wake. Duka likisema kilo, hulinganisha na jiwe. Hapa jiwe lilikuwa zile nyota ambazo Baraza limekwisha kuzikubali, na ilimbidi azipime, zote, moja moja, ndipo aweze kuandika cheti.

Bi Stahimili alimsikiliza mpaka mwisho. "Utakwenda kupima vibao?"

"Nitapima walichokikubali."

"Nenda basi," alisema, akageuza uso kumwelekea Tunu. "Wewe na daftari lako mtanizikia mwanangu kwa mwandiko mzuri."

Shekue alikwenda. Muda wote wa mazoezi mawili ya kwaya alikuwa Uwanja wa Vibao, akitembea kutoka kibao hadi kibao. Nyuma ya kila kimoja alitupa kifungo. Kifungo hakikupinda kushoto wala kulia. Kilikwenda mbele moja kwa moja kama mtu aliyetumwa, naye akakifuata, akakidaka, akaandika. Alirudia mara saba kwa kila kibao. Koti lake lilikwisha vifungo kufikia kibao cha mia mbili, kwa kuwa vingine vilimshinda mbio, akaendelea kwa kutumia kokoto za jalidi. Katibu Mwakani alimletea uji mara moja, akamkuta anahesabu, akaondoka kwa kunyata. Alisema baadaye kwamba hajawahi kuona bidii kama ile katika utumishi.

Baraza lilikutana kabla ya zoezi la mwisho. Wajumbe walikuwa kumi na wanane, wote vuguvugu, wamekaa nusu duara wakitazama upande wa Mheshimiwa, hivyo kwamba aliyetoa taarifa alizungumza na visogo vyao. Bi Stahimili aliruhusiwa kusimama mlangoni.

Sheria ya Baraza inakataza kumkatiza mtu anayesoma taarifa. Shekue akasoma.

"Kibao namba moja: sifuri. Kibao namba mbili: sifuri. Kibao namba tatu: sifuri."

Alisoma hivyo bila kupandisha sauti wala kuishusha. Kufikia arobaini wajumbe wawili walisinzia. Kufikia mia na kumi mwenyekiti aliandika kitu kwenye karatasi, akakifuta. Kufikia mia mbili na tisini palikuwa na ukimya ambao Bi Stahimili, aliyekuwa hajawahi kusikia Baraza likinyamaza, aliuogopa. Namba mia tatu na kumi na mbili ilikuwa sifuri. Kisha akasoma uzito wa Tunu.

"Mimi nimepima tu," aliongeza Shekue. "Lakini kwa ninavyoona, pazia linapofunuliwa..."

Mwenyekiti aliinua mkono. Alimshukuru fundi kwa kazi kubwa, akamkumbusha kwamba aliitwa kupima, hakuitwa kuona.

Mjadala ukafunguliwa. Mjumbe mmoja alipendekeza kwamba mizani ya mgeni imeharibika. Akajibiwa kwamba mgeni hakutumia mizani bali kifungo, na kifungo hakiharibiki. Mwingine alisema sifuri huenda ni uzito mkubwa sana kwa hesabu za kwao Korogwe. Mjumbe mzee mmoja aliuliza, kwa kutaka kujua tu, ni nani aliyemzindua Mheshimiwa Samawati mwenyewe. Kikao kikaahirishwa kwa chai. Waliporudi, mzee yule alikuwa amehamishiwa kamati ya maua.

Ndipo akasimama Bi Farashuu, mjumbe aliyeogopwa kwa ulimi wake.

"Waheshimiwa, tuache kuzunguka," alisema. "Zimezinduliwa nyota mia tatu na kumi na mbili. Mgeni rasmi alizikubali, kwaya iliimba, vibao vipo. Zote ni sifuri. Leo inaletwa moja, imekuja na uzito kama gunia. Niulize jambo dogo: aliyekosea ni nani, mia tatu na kumi na mbili, au huyu mmoja?"

Minong'ono ikapita kwenye nusu duara. Mtu mmoja alisema kweli kabisa. Katibu Mwakani, aliyekuwa akiandika muhtasari, alisita, kalamu hewani. Shekue alifungua kinywa, na kwa mara ya kwanza katika safari yake alikuwa karibu kusema kitu bila kukifikiria, lakini mwenyekiti alikuwa amekwisha kulikubali swali la Bi Farashuu kama hoja.

Hapo jambo likawa la hatari. Mjumbe wa pembeni alipendekeza kwamba, kwa kuwa kiwango cha nyota sasa kinajulikana kuwa sifuri, na kwa kuwa wageni wamekwisha kualikwa, Tunu apunguzwe. Wakorogaji wamchote kwa ndoo mpaka afikie kiwango, kisha azinduliwe kwa heshima zote. Wengi walilipenda wazo hilo. Lilikuwa la kiutendaji. Bi Stahimili alishika mwimo wa mlango. Shekue alimwona, akaona pia kwamba yeye ndiye aliyewapa sifuri ile, kwa mwandiko wake safi.

Aliomba ruhusa ya kuuliza swali la upimaji. Akaruhusiwa.

"Kumchota mpaka sifuri itahitaji ndoo ngapi?" aliuliza. "Mimi nitatakiwa kupima kila ndoo. Mara saba."

Baraza likamtazama. Walikuwa wamemsikiliza akisoma sifuri mia tatu na kumi na mbili, na kila mjumbe sasa alizipigia hesabu ndoo. Bi Farashuu alikaa chini, akajipepea kwa karatasi. Kisha Katibu Mwakani akainua mkono, jambo ambalo makatibu hawalifanyi, akasema kwa sauti ya mtu anayeomba radhi kwamba kichuguu cha magharibi kipo kitupu tangu zamani. Hakina donge lolote. Kwa maana hiyo, alisema, mahali pale pamekwisha kutimiza kiwango bila gharama wala ndoo.

Hoja ilipita bila kupingwa. Azimio liliandikwa kwamba nyota ya mia tatu na kumi na tatu itazinduliwa kichuguu cha magharibi. Kwamba donge liitwalo Tunu limeshindwa kufikia sifuri na linafutwa kwenye orodha. Na kwamba wakorogaji, kwa kuwa hakuna wanachokoroga kisheria, wahamie kwaya, iliyokuwa na upungufu wa sauti nene.

Shekue aliandika cheti chake kama ulivyokuwa ukweli: uzito karibu nusu ya jua, kulingana na jiwe la mizani lililotolewa na Baraza, umezidi. Alitia saini. Alilitazama lile neno la mwisho kwa muda, hakuona mahali alipodanganya, wala hakuona kwamba amesema alichotaka kusema.

Hafla ilifana. Pazia la kichuguu cha magharibi lilifunuliwa mbele ya umati, mwanga wa Mheshimiwa ukaingia mahali ambapo hapakuwa na kitu, na kwa kuwa hakikuwepo cha kupeperushwa, wazee walisema ulikuwa uzinduzi safi kuliko wote waliowahi kuuona. Wakorogaji arobaini waliimba sauti nene kwa furaha, wakishika miko yao kwa mazoea.

Shekue na Bi Stahimili hawakuwepo. Walikuwa wamekaa gizani kichuguu cha kusini, mmoja huku na mmoja kule, bila kuzungumza. Bi Stahimili alikuwa bado na hasira naye kidogo. Tunu, bila miko, alianza kutulia. Vumbi liliteremka juu ya vumbi. Sahani iliyomzunguka ilizidi kasi na kile kifungo kikapotea ndani yake. Akapiga chafya mara mbili, ndefu, kisha akaacha. Wekundu wa tumboni ulipanda, ukawa wa kaa, ukawa wa chuma uhunzini, halafu pakapita kitambo ambacho hakuna lolote lililobadilika, na Bi Stahimili akafikiri wamemkoroga kupita kiasi, ameharibika.

Ndipo akawaka. Hakufanya kelele. Palikuwa na mwanga wa manjano upande mmoja, na giza likasogea upande wa pili kama mtu anayempisha mwenzake kitini.

Bi Stahimili alisimama. Hakulia wala hakupiga vigelegele. Alikwenda akakung'uta kanga yake ya pili na kuifunga vizuri, kama mtu aliyebishiwa hodi na wageni wa heshima.

Aliyebisha hodi kweli alikuwa Katibu Mwakani. Alikuwa ametoka kwenye hafla na karatasi ya kusainiwa, iitwayo Taarifa ya Kutokuwaka, inayotakiwa kwa kila donge lililofutwa. Aliingia akaona, akasimama, kisha kwa uzoefu wa miaka mingi akaligeuzia lile jambo mgongo. Afisa hashuhudii kile ambacho hakijazinduliwa. Akiwa ameupa mwanga kisogo, alifungua karatasi na kuanza kusoma: kwamba donge hili halikuzinduliwa, kwa hiyo halikuwaka, kwamba kwa kuwa halikuwaka, hapa hapana kitu, na kwamba kwa kuwa hapana kitu, pazia la hapa halitafunuliwa, na ni marufuku kwa mtu yeyote kupakoroga, kupazima au kupagusa, leo na siku zote.

"Soma tena hapo pa pazia," alisema Bi Stahimili.

Katibu akasoma tena. Shekue alimwona mama yule akivuta pumzi, na safari hii ikashuka hadi chini.

Lakini Katibu hakumaliza karatasi. Sauti yake ilikatika. Mbele ya miguu yake, juu ya vumbi, alikuwa amelala mtu mrefu mweusi aliyeshika karatasi. Katibu alirudi nyuma hatua moja. Yule mtu akamfuata. Katika nchi ya Ushungi mwanga hutoka kila upande kwa wakati mmoja, na tangu kuumbwa kwake hakuna aliyewahi kuwa na kivuli.

"Huyu ni nani?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ni wewe, Katibu," alisema Bi Stahimili.

"Amesajiliwa?"

Katibu Mwakani aliinua mkono wa kushoto, polepole. Mweusi akainua wake. Akaushusha. Akainua mguu mmoja, jambo lisilopendeza kwa mtu wa cheo chake na unene wake, akayumba, akaushusha haraka. Akageuza kichwa kidogo kutazama nyuma, kwenye mwanga, akajizuia.

"Ametoka wapi?"

"Mimi nilipima tu," alisema Shekue.

Katibu alisimama hapo kwa muda mrefu kuliko ofisi inavyoruhusu. Karatasi ilikuwa imejikunja yote mkononi mwake. Kwa mbali kwaya ilikuwa ikirudia kiitikio, na kwa utaratibu alitakiwa awe amekwisha kurudi kutoa neno la shukrani. Mwishowe aliinyoosha karatasi, akaisogeza karibu na macho, akaitazama bila kuisoma.

"Fomu hii ina kosa," alisema. "Haiwezi kusainiwa leo. Itabidi nirudi nayo. Pengine zaidi ya mara moja."

"Rudi, baba," alisema Bi Stahimili. "Na huyo mwenzako umlete."